Aksanti Kabla ya Lawama

Sehemu ya saba

Mkono ulioruka wiki iliyopita ukamkamata Mama Emérence, kidole chake kikiwa karibu kabisa kuigusa ile picha, ulikuwa wa msichana wa mapokezi. Anaitwa Ornella. Kucha zake ni ndefu na sauti yake ni ndefu zaidi.

"Hapana gusa! Mama, hapana gusa! Unajua hii kintu iko nini?"

Emérence alijua vizuri sana. Kilikuwa uso wa binti yake.

Kwa wewe uliyekosa gazeti: Providence, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, alitoka Lubero asubuhi moja na kitunga cha maharage mgongoni, akaenda kuuza Beni, soko la Beu. Hakufika. Wengine waliosafiri naye siku ile waliokotwa porini, wamekufa. Yeye hakuokotwa, si mzima wala si maiti. Miezi kumi na minne sasa. Padri aliuliza mara mbili kama matanga yafanyike, na mara mbili Emérence akamjibu kwamba yeye halii mtu ambaye hajamzika.

Halafu jirani akarudi kutoka Butembo na picha kwenye simu. Uso wa Providence, umepakwa rangi, umetundikwa ukutani katika jumba la sanaa liitwalo Galerie Belle Colline.

Kesho yake alfajiri walikuwa njiani, watu watatu juu ya pikipiki mbili. Lusenge Josaphat, baba. Emérence, mama. Na Falonne, binti wa pili, miaka kumi na saba, mwenye Kifaransa cha masista.

Na hawakuja mikono mitupu. Hapo ndipo walipokosea, kama kweli adabu ni kosa. Kwao Lubero, aliyekaa na mtoto wako, hata kama hukumtuma, unamwendea na kitu mkononi. Josaphat alibeba kuku jike mweupe, miguu imefungwa vizuri. Falonne alibeba mfuko wa viazi. Emérence alikuwa ameviosha kimoja kimoja, kwa sababu ni aibu kumpa mtu udongo.

"Biazi inauzishwaka kule soko," Ornella akasema. "Hapa hatununuake biazi."

"Haiko ya kuuzisha, madame," Josaphat akamjibu, kofia kifuani. "Ni ya kubasalimia."

"Kunisalimia miye? Tunajuana?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Belle Colline, mwenyeji alijiona mzima kabisa.

"Mutoke kwa tapis! Muangalie bile biatu! Paulin! Paulin, banaingia hapa na matope, weye uko fasi gani?"

Paulin, mlinzi wa mlangoni, akaja mbio na kitambaa. Akapiga goti, akaanza kupangusa zulia nyuma ya miguu ya Mama Emérence, na mama akaona haya, akavua viatu akavishika mkononi. Sasa alikuwa amesimama peku juu ya saruji baridi ya Butembo, mtu mzima, mama wa watoto, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Ukutani kulikuwa na viti vitatu vya ngozi, vitupu. Wageni watatu, viti vitatu. Mungu alishapanga kila kitu. Ornella akaweka mkoba wake juu ya kimoja na miavuli juu ya kingine.

Kisha akamwambia Paulin kwa Kifaransa kwamba leo itabidi wanyunyize manukato nyumba nzima, maana kijiji kimeingia na kuku wake.

"Kifaransa tunasikiaka, madame," Falonne akasema.

"Ah bon? Basi soma pale chini ya tableau. Bameandika kila kitu. Musome na mutoke."

Falonne akasogea. Chini ya picha kulikuwa na kikaratasi cheupe. Akakisoma, akarudi nyuma hatua moja.

"Banasema nini?" mama akauliza.

"Mama, tuache."

"Falonne. Banasema nini?"

"Banasema ni mwanamuke haina jina."

"Nani haina jina?" Emérence akamgeukia Ornella. "Huyu? Huyu aliitwaka Providence mbele hata azaliwe! Miye naitwa Mama Providence! Papa yake anaitwa Papa Providence! Utasema haina jina, na Lubero muzima banatuita na jina yake?"

Sauti yake ikapanda mpaka juu ya dari, na mlango wa ofisi ukafunguka.

Akatoka Monsieur Gérard, mkuu wa jumba. Suti ya kijivu, viatu vya kujitazamia uso. Akawaangalia wageni, akamwangalia kuku, akaiangalia saa yake. Saa ndiyo aliyoiangalia muda mrefu.

"Kuna nini hapa? Mugeni yetu wa Kinshasa anafika saa tano, na munafanya marché, soko nzima, ndani ya galerie?"

Josaphat akainamisha kichwa, akasalimia kwanza kwa Kinande. "Patron, mwavukire. Tuko wazazi ya huyu mutoto. Tunaomba tu kujua. Mwenye alimupaka hii picha, alimuonaka wapi?"

"Papa, haiko mutu huyu." Gérard akatabasamu kwa subira ya mwalimu wa chekechea. "Onésime ni artiste. Alimutosha mu kichwa yake. L'imagination. Munaelewa? Alifunga macho, akamuona."

"Alifunga macho akamuona mutoto yangu?"

"Akaona mwanamuke. Banawake banafananaka."

Hapo Mama Emérence aliweka viatu vyake chini. Polepole. Akasogea mbele ya picha, mikono nyuma ili Ornella asipate la kusema, akaonyesha kwa kidevu.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na kamba ya kitunga kwenye paji la uso, kama wanawake wetu wote wanavyobeba mlimani. Kamba ilikuwa imekatika upande wa kushoto na kufungwa kwa kipande cha kikwembe, kitenge chekundu chenye ua la njano.

"Siku ile anaenda, kamba ilikatika pa mulango," Emérence akasema. "Nikapasula kikwembe yangu, nikamufungia. Na haraka. Haikukuwa hata makasi."

Akashika pindo la kikwembe alichovaa, akalinyanyua mbele ya macho ya Monsieur Gérard. Chekundu. Ua la njano. Kona moja haikuwepo, imeng'olewa kwa meno, na ua la mwisho limebaki nusu.

Nusu nyingine ya ua ilikuwa ukutani, kwenye paji la uso la mwanamke asiye na jina.

Monsieur Gérard akatazama kikwembe, akatazama picha. 

"Bikwembe ya namna hii iko mingi kwa soko," Gérard akasema mwishowe, lakini tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Bikwembe iko mingi. Yenye nilipasula na meno iko moya tu. Patron, huyu Onésime alimuona mutoto yangu nyuma ya siku ile. Donc alipona. Iko wapi?"

Msomaji, ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeleta kiti. Ungemwita huyo Onésime kwa simu, mama aongee naye. Lakini Monsieur Gérard alikuwa akifikiria saa tano. Kuna jambo alilijua na hakutaka wazazi hawa walijue kabla mgeni wa Kinshasa hajaondoka na picha yake. Jambo gani? Tulia, tunafika.

"Adresse ya artiste hatupake batu ya njia," akasema. "C'est le règlement. Mais ninabahurumia. Ornella, bapatie livre d'or. Papa, andika jina yako na maneno yako yote mule, tutaipeleka kwa Onésime. Nyuma ya pale, murudi kwenu mungoje."

Ornella akasukuma kitabu kikubwa cha wageni chenye jalada jekundu juu ya meza ya mapokezi, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo, maana pale wageni hawakuaminiwa hata kuachiwa kalamu. Kiti hakikutolewa. Josaphat akampa Falonne kuku, akainama, akaandika amesimama.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Mtu wa Lubero haanzi na lawama. Hata kama umeingia kwa jirani kumwuliza mbona mbuzi wake amemaliza maharage yako, unasema kwanza wasingya, aksanti kwa kutupokea. Unakaa. Unapewa maji. Ndipo unakohoa na kuanza: sasa, kitu chenye kinanileta. Aksanti ni mlango tu, maneno yenyewe yako ndani. Kila mtu analijua hilo, kwa hiyo hakuna anayesikia aksanti akadhani mazungumzo yamekwisha.

Josaphat akaandika kwa mwandiko wake mnene wa mviringo, aliofundishwa na mapadri, mwandiko uleule aliomfundishia Providence jina lake:

*Miye Lusenge Josaphat wa Lubero, baba ya huyu mutoto. Aksanti kwa benye banamuchunga.*

Hapo kalamu ikasimama.

Neno hilo. Banamuchunga, wanamtunza. Lilimtazama kutoka kwenye karatasi.

Kuna jambo Emérence halijui hadi leo. Asubuhi ile ya safari, baada ya kamba kufungwa na mama kurudi jikoni, Josaphat alimfuata binti yake mpaka mwisho wa shamba. Alikuwa amemkataza kwenda. Barabara ile, aliijua. Watu waliokuwa wakiokotwa kule, aliwajua kwa majina. Lakini Providence alikuwa na kichwa kigumu cha baba yake, akasema maharage hayatajiuza yenyewe, akaendelea kutembea. Na Josaphat, kwa hofu iliyogeuka hasira, akapiga kelele:

"Nenda basi! Benye utaenda kwabo bakuchunge! Hapa usirudie!"

Ulimi hauna mfupa. Providence alisimama kidogo, hakugeuka, akaenda. Miezi kumi na minne mwanamume huyu amekuwa akila na maneno yale, akilala nayo, akipiga nayo goti kanisani, na hajamwambia mtu. Mke wake anapomwita Papa Providence, jina linamchoma.

Akataka kulifuta lile neno. Lakini katika kitabu cha watu hufuti. Basi akaamua kulirekebisha kwa mstari unaofuata. Ungekuwa hivi: *Sasa ninaomba mumurudishe kwetu, maneno yenye nilisema ilikuwa ya kasirani, ninamungoja.* Alikuwa ameshaupanga wote kichwani. Akashusha kalamu mwanzo wa mstari.

Kitabu kikaondoka chini ya mkono wake.

"Inatosha, Papa," Ornella akasema. "Ni livre d'or, haiko lettre ya mahari."

"Sijamaliza, madame."

"Banaandikaka mustari moya, mbili. Umeandika mbili."

"Nilikuwa kwa aksanti tu! Maneno yangu bado!"

Monsieur Gérard alikuwa ameshachungulia juu ya bega la msichana. Akasoma. Uso wake ukafunguka.

"Mais c'est magnifique! Baba mwenyewe anashukuru galerie! Ornella, toa hii page. Ubandike pale chini ya tableau, fasi ya kile kikaratasi. Mugeni ataipenda sana."

"Patron, hapana! Haiko vile. Uniachie mustari moya. Moya tu."

"Papa, usiharibishe. Iko muzuri kama vile iko."

Mkasi ukalia. Karatasi ikatoka. Josaphat akanyoosha mkono kuidaka, na safari hii ni mkono wake yeye uliokamatwa.

"Paulin! Basindikize. Na ile kuku yao."

Hivyo ndivyo walivyosindikizwa. Hakuna aliyewapiga. Walisukumwa tu, kidogokidogo, kwa viganja, kama unavyosukuma mbuzi walioingia kanisani. Emérence aliomba viatu vyake, vikarushwa nje. Mfuko wa viazi ukafuata, ukafunguka kwenye ngazi, na viazi vilivyooshwa kimoja kimoja vikabingirika hadi kwenye tope jekundu la barabara. Mlango ukafungwa kwa ufunguo. Mvua ikaanza. Nyuma ya jumba jenereta likaungurumishwa ili taa ziwe tayari kwa mgeni.

Zawadi kukataliwa. Kwetu hata adui hukatai kuku wake.

Josaphat akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuokota viazi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mikono ilihitaji kazi, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwepo. Falonne alilia kwa hasira, kuku kifuani. Emérence alisimama kwenye mvua, viatu vimelala mbele yake, hakuvivaa.

Kiazi kimoja kikaja mbele ya uso wa Josaphat, kimeshikwa na mkono mwingine. Paulin, mlinzi, alikuwa amechuchumaa naye.

"Munisamehe, Papa. Ni kazi. Miye pia niko na batoto." Akaokota kingine. Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Mama amesema kweli. Ile kamba. Nilishaionaka."

Emérence akageuka. "Uliiona wapi?"

"Hapa pa mulango. Mardi yenye imepita. Alikuya mwanamuke, na kitunga, na ile kamba na kitambaa yake nyekundu. Akasema: 'Mutoshe ile picha yangu mbele ya ba kwetu baione.' Alirudia vile mara mingi. Ornella akaniambia ni mulalahoi, nimufukuze." Paulin akakitazama kiazi. "Nikamufukuza, Mama. Na hii mukono."

"Muzima?" Emérence akamshika kola. "Anatembea? Anasema?"

"Muzima."

Mama huyu aliyekataa matanga mara mbili akaanguka magotini kwenye maji ya mvua, akacheka na kulia kwa pamoja, akimwita Mungu kwa Kinande. Falonne akamkumbatia. Na Josaphat? Josaphat alibaki na kiazi mkononi. Mbele ya ba kwetu baione. Iondolewe kabla watu wa kwao hawajaiona. Yeye peke yake alielewa ni nani hasa binti yake hakutaka aione.

"Anaikala wapi? Tuende!" Emérence alikuwa ameshasimama.

Paulin akafuta uso. "Mama, hapana kwenda fasi yoyote. Iko ndani."

"Nani iko ndani?"

"Yeye. Onésime amemuleta na moto, pikipiki yake, kwa mulango ya nyuma, wakati Papa alikuwa kwa kuandika. Patron alitaka mugeni wa Kinshasa amuone mutu mwenyewe na macho. Ndiyo maana bamebatosha mbio mbio."

Hawakumsubiri amalize. Emérence aliufikia mlango wa mbele, akaugonga kwa ngumi zote mbili. Ufunguo ulikuwa upande wa ndani. Falonne akazunguka kwenda mlango wa nyuma, akakuta geti la chuma na kufuli. Paulin hakuwa na ufunguo wowote, alikuwa na rungu na mwavuli tu. Na jenereta lilinguruma, na mvua ikapiga mabati, hata sauti ya mama haikuvuka kizingiti.

Josaphat akakimbilia dirishani.

Dirisha lilikuwa refu, la kioo kizima, kutoka chini hadi juu. Ndani taa zote ziliwaka. Alimwona Ornella akibandika ukingo wa mwisho wa karatasi chini ya picha, akirudi nyuma kuona kama imenyooka, kisha akiondoka.

Na kutoka mlango wa ndani akaingia msichana.

Alikuwa amekonda. Nywele zimekatwa fupi. Kamba alikuwa ameishika mkononi, imekunjwa. Lakini ile namna ya kutembea, bega la kulia mbele kama anayepanda mlima hata palipo sawa, Josaphat angeitambua gizani. Akapiga kioo kwa kiganja.

"Provi! Providence!"

Hakusikia. Alisimama mbele ya picha yake, na hakuutazama uso. Alitazama karatasi. Akasogea. Aliutambua mwandiko, Josaphat aliona mabega yake yakitambua. Akainama, akasoma, midomo ikicheza kama alivyokuwa akisoma alipokuwa mdogo, kwenye meza ya nyumbani, kidole cha baba yake kikitangulia maneno.

*Aksanti kwa benye banamuchunga.*

Kidole chake kikashuka kutafuta mstari unaofuata. Kikatafuta mpaka chini kabisa ya karatasi. Palikuwa peupe.

"Sijamaliza!" Josaphat alipiga kioo kwa mikono miwili, na tope la viazi likachora viganja vyake. "Mama yangu, mutoto yangu, sijamaliza! Iko mustari ingine! Bamenikatalia mustari!"

Labda kioo kilitikisika. Labda ni kivuli tu. Providence akainua kichwa, akageuka, na macho yao yakakutana. Baba nje kwenye mvua, hana kofia, mikono yote juu. Binti ndani kwenye mwanga. Kati yao kioo, unene wa kidole kimoja.

Hakukimbia. Hakulia. Akaja mpaka dirishani, karibu sana, hata pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Josaphat akabandika kiganja pale penye ukungu, akangoja.

Providence akanyoosha mkono, akavuta pazia.

Emérence alifika mbio, peku, akihema, akakuta kitambaa cheupe tu na alama mbili za mikono ya tope.

"Umemuona? Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na yeye amekuona?"

"Ameniona."

"Sasa juu ya nini amefunga?" Akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne akamtazama sawasawa, mpaka ndani. Mvua ilitiririka kwenye ile kona ya kikwembe isiyokuwepo. "Papa Providence. Uliandika nini mu kile kitabu?"